Nonda ni wa Nani?

Hapa Nyakabiga jina la Shabani Nonda halijapata kuzeeka, ijapokuwa mwenyewe alikwisha tundika daluga zamani. Alizaliwa mjini humu Bujumbura mwaka 1977. Wenzetu wa Dar es Salaam humwita mtoto wa Yanga, kwani aliichezea katika miaka ya tisini kabla ya kwenda Afrika ya Kusini na kisha Ulaya. Wakongo nao humdai, maana jezi ya taifa aliyoivaa ni ya Kongo.

Tuliwahi kuwapa wanafunzi wetu zoezi la a-unganifu: "Nonda ni wa ..." Wengine walijaza Burundi, wengine Kongo, mmoja Yanga. Wote tuliwapa alama. Mabishano yaliyofuata yalikuwa ya Kiswahili kitupu, nasi tulifurahi. Lakini yalituuma pia, kwani hakuna aliyeshangaa kwamba kijana mwenye kipaji sharti ahame.

Katika msimu wa 2002–2003 aliifungia Monaco mabao 26, akawa mfungaji bora wa ligi ya Ufaransa. Hata hivyo, silo lisimuliwalo sana vibarazani. Lisimuliwalo ni la tarehe 20 Aprili 2004: alikuwa ameuguza goti kwa miezi mingi, akaingizwa dakika za mwisho dhidi ya Chelsea, Monaco wamebaki 10 uwanjani, na punde akatia bao la tatu. Fainali walifungwa na Porto 3 kwa 0. Habari hiyo wazee wetu huipita upesi, wakarejea kwenye bao la Chelsea.