Mwambie Muuguzi Kwamba Hulali

Rugerero, Rubavu

Mwanangu,

Mama yako kaninong'oneza kwamba tangu uanze dripu za saratani huko Butaro hupati hata lepe la usingizi, na kwamba umemkataza asimwambie mtu. Mimi si mtu, ni shangazi yako, na ile njia ya Musanze kwenda Butaro naijua kona kwa kona.

Usidhani ni udhaifu wa moyo. Wengi wanaotibiwa saratani hukesha: kwa maumivu, kichefuchefu, hofu, na hata kwa dawa zenyewe. Mimi nilikeshwa na kidonge kidogo cha deksamethasoni, kile cha kuzuia kutapika. Cha pili cha siku nilikuwa nameza baada ya chakula cha usiku, kwa akili zangu mwenyewe, kisha nakaa dirishani macho makavu, nautazama wekundu wa Nyiragongo mawinguni hadi adhana ya alfajiri. Nilipomweleza muuguzi, alinipangia nimeze asubuhi na mchana. Nawe uliza, usibadili saa wala kipimo peke yako.

Kitandani usigombane na usiku. Zikipita kama dakika 20, inuka, kaa mkekani kwenye mwanga hafifu, vuta uradi mpaka kope ziwe nzito, ndipo urudi. Simu ilale chumba kingine. Asubuhi amka saa ileile, hata kama ulisinzia saa tisa usiku. Hapo ndipo pagumu, maana mchana mwili utadai mkeka. Upe nusu saa tu, kabla ya alasiri. Kahawa na chai ya rangi ziishie adhuhuri. Jioni tembea kidogo. Mimi nilikuwa nashuka hadi mto Sebeya, na siku za uchovu naishia mlangoni kwa jirani.

Mawazo ya ada na shamba yape saa yake: kabla ya magharibi, wewe na mama yako na daftari. Yakirudi usiku, yaambie yameshaandikwa.

Vidonge vya usingizi vya dukani, na mizizi ya kuchemsha utakayoletewa kwa huruma, usionje kabla daktari hajaviona. Huweza kugongana na dawa zako.

Usiku mmoja tu usinisikilize niliposema ukae mkekani usubiri: ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi. Dawa za dripu hupunguza askari wa damu, kwa hiyo nenda hospitali usiku huohuo, usingoje kukuche.

Mficha uchi hazai, mwanangu. Kituo cha Butaro kinatibu saratani tangu 2012. Hutakuwa wa kwanza kuwaambia habari hii. Miadi ijayo, kabla hujanyoosha mkono wa sindano, sema neno moja: "Silali."

Shangazi yako