Dodoma: Bustani Isiyogombea Maji na Watoto

Barabara ya kutoka Morogoro kwenda Dodoma ina urefu wa kilomita 260 hivi, na kwa mama anayependa mimea barabara hiyo ni darasa. Mwanzoni macho hushiba ubichi wa milima ya Uluguru na mashamba ya Dumila. Ukishapita Gairo nchi hubadilika. Miti inakuwa mifupi, miiba inaongezeka, udongo unageuka mwekundu, na mibuyu inasimama mmoja mmoja kama wazee waliokuja barazani. Ukifika Kibaigwa na Chamwino mwezi wa Septemba, utadhani kila kitu kimekufa. Lakini hakijafa. Mbuyu umeangusha majani yake kwa hiari ili usipoteze maji, na ndani ya shina lake nene umeweka akiba ya kuusubiri msimu wa mvua.

Sisi tulikuwa akina mama wanne, tukienda kumjulia hali mwenzetu aliyehamia huko. Mumewe ni mtumishi wa serikali. Kama mnavyojua, Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu tangu mwaka 1973, lakini uhamisho wenyewe ulishika kasi kuanzia 2016, na mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Familia nyingi zimehamia kutoka Dar es Salaam, Moshi, Mbeya na Bukoba, sehemu ambazo mtu akichomeka kijiti ardhini huota. Dodoma haiko hivyo. Mvua zake ni za msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 550 au 600. Miezi inayobaki ni jua, upepo na vumbi.

Wenyeji wetu walitupokea kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!" Tukajibu kama tulivyofundishwa. Kisha tukaonyeshwa bustani, nasi tukashangaa. Ilikuwa katikati ya kiangazi, nyasi za jirani zimekauka kama mkeka mkuukuu, lakini mbele ya nyumba ile palikuwa na maua mekundu, ya waridi na meupe. Tuliuliza maji yanatoka wapi. Mwenyeji wetu akacheka, akasema, "Haya hayajaonja ndoo tangu mwezi wa Julai."

NDOO TANO KILA SIKU

Mwenzetu huyu alikulia Moshi, kwenye mifereji ya maji ya Kilimanjaro. Alipohamia Dodoma alitaka bustani kama ya kwao: zulia la majani mabichi, na mawaridi pembeni. Maji ya bomba nyumbani kwake huja kwa zamu, kwa hiyo familia ya watu sita hutegemea tangi la lita 2,000. Mama mmoja mzee wa Kigogo, jirani yake, alimtazama akimwagilia jioni baada ya jioni. Hatimaye akamwita akamwambia, "Mwanangu, maji haya unampa ua. Kesho mtoto wako ataogea nini?"

Maneno hayo yalimfanya achukue karatasi na kupiga hesabu, nasi tunairudia hapa kwa faida ya wasomaji. Wakati wa jua kali, majani ya zulia huhitaji kama milimita tano za maji kwa siku, yaani lita tano kwa kila mita moja ya mraba. Kipande kidogo tu, mita tano kwa mita nne, hunywa lita 100. Hizo ni ndoo tano za lita 20 kila siku, na kwa mwezi ni ndoo 150! Katika nyumba ambayo maji huletwa kwa mkokoteni, kila ndoo ina bei yake. Na pale ambapo hakuna mkokoteni, ndoo hiyo iko kichwani mwa mama au binti yake.

Siku ile mwenzetu aliacha kumwagilia zulia. Akamwomba yule mama amfundishe.

MIMEA INAYOJITEGEMEA

Mafundisho yalikuwa rahisi: panda mimea ya kudumu, ile inayoishi miaka mingi, na uchague ile iliyokwisha kuzoea kiu. Hapa chini tunataja michache tuliyoiona kwa macho yetu.

Waridi la jangwani. Huu ni mmea wa kwetu, unaota porini katika sehemu kame za Afrika ya Mashariki. Shina lake limevimba chini kama chungu, na humo ndimo huweka maji. Maua yake ni ya rangi ya waridi, na mara nyingi huchanua wakati mmea hauna hata jani moja. Kinachouua upesi ni maji mengi, kwani mizizi yake huoza. Mama mvivu wa kumwagilia atafanikiwa nao kuliko mwenye bidii.

Mshubiri. Majani yake manene ni ghala la maji. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana na kupoteza unyevu juani. Mshubiri hufungua vya kwake usiku, wakati hewa imepoa. Huzaa machipukizi pembeni, nawe waweza kumgawia jirani. Tusiende kuing'oa porini, maana aina nyingi za mishubiri zinapungua. Tuombane machipukizi.

Bogenvilia. Asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini Dodoma imekuwa kama mzaliwa. Ile rangi tunayoiita ua, kwa kweli ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kidogo cheupe katikati. Ukiimwagilia sana itakupa majani matupu. Ukiinyima kidogo itakupa rangi. Huoteshwa kwa kukata tawi lililokomaa. Ina miiba, kwa hiyo ni ua zuri la uani la kuzuia mbuzi.

Vinka. Ni kile kimmea kifupi chenye maua meupe au ya waridi yenye petali tano, ambacho huota hata kwenye ufa wa sakafu. Asili yake ni Madagaska. Kina mama tukiheshimu sana kimmea hiki: ndani yake ndimo ilimopatikana dawa ya vinkristini, ambayo hospitali hutumia kutibu watoto wenye saratani ya damu. Lakini si cha kuchemshwa nyumbani wala kutafunwa, kwani ni sumu.

Upande wa jikoni palikuwa na mlonge, ambao majani yake ni mboga na mizizi yake haitishwi na kiangazi, na mzabibu uliotambaa juu ya kichanja na kuwapa watoto kivuli. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mzabibu mmoja waweza kuzaa kwa miaka mingi.

TAHADHARI KWA MWENYE WATOTO

Mmea unaojilinda na kiu, mara nyingi hujilinda na meno pia. Ndiyo maana mbuzi, ambao kiangazi huzurura wakila hata maboksi, hawagusi waridi la jangwani. Utomvu wake ni sumu kali, na wawindaji wa zamani waliupaka kwenye mishale. Minyaa, ambayo Wagogo na wengine wengi huitumia kwa wigo, ina maziwa meupe yanayoweza kuharibu macho. Mmea huo huo kwa Kimaasai huitwa emanyara, na inasemekana ndiko lilikotoka jina la Ziwa Manyara. Kwa hiyo, akina mama, mimea hii tuipande mbali na mahali pa kuchezea watoto wadogo, tuvae glavu tunapoikata, na tunawe mikono kwa sabuni. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi na mwende hospitali mara moja.

Isitoshe, si kila kinachostahimili ukame ni rafiki wa mazingira. Mpungate wenye miiba ulioletwa kutoka Amerika umevamia malisho ya Laikipia, nchini Kenya, hadi mifugo ikaumia. Lantana nayo hutoroka bustanini, ndege wakieneza mbegu zake, na kuziba misitu na mashamba. Ukipewa mche ambao ni mgeni kwako, uliza kwanza: je, unasambaa wenyewe? Ukiambiwa ndiyo, shukuru na uuache.

JINSI YA KUANZA

Hata mmea mvumilivu ni mtoto unapopandwa, na mtoto huhitaji kunyonya. Yule mama alimfundisha mwenzetu kupanda mvua za kwanza zinapotulia, mwezi wa Desemba au Januari, ili mizizi iwe na miezi mitatu au minne ya kushuka chini. Kiangazi cha kwanza, mmwagilie kila baada ya wiki moja au mbili, lakini kwa wingi, ili maji yafike chini na mizizi iyafuate. Kumwagilia kidogo kidogo kila siku hufundisha mizizi kukaa juu, na jua huiunguza. Mwaka wa pili utaweza kuiachia mingi ijitegemee. Waridi la jangwani na mshubiri havimo katika utaratibu huu; hivyo vipewe kidogo tu, na udongo ukauke kabisa kabla ya kuongeza.

Kwa mimea mingine, usiinue tuta kama tufanyavyo Morogoro kwenye maji mengi. Chimba kisahani kuzunguka shina, maji ya mvua yakusanyike humo. Funika udongo ili usikauke. Huko Dodoma mchwa hupenda sana nyasi kavu, kwa hiyo karibu na ukuta wa nyumba mwenyeji wetu ametandaza kokoto na mawe badala ya nyasi.

Maji aliyotumia mwaka wa kwanza hayakutoka kwenye tangi la watoto. Ni yale ya kusuuzia vyombo na nguo, yasiyo na dawa ya madoa wala mafuta mengi. Huyamwaga siku ile ile, penye mizizi ya maua, wala si kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Mengine ni ya paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita nane kwa kumi likipata mvua ya milimita kumi hupokea lita 800. Hata robo ikipotea, umebakiwa na ndoo 30 ambazo hakuna aliyezibeba kichwani.

Mabonde na vilima vinavyouzunguka mji yanathibitisha mafundisho hayo. Katika vijiji vya mkoa huu watu wengi wamejifunza njia iitwayo kisiki hai: badala ya kupanda mche mpya, huchagua machipukizi bora ya kisiki kilichokuwa kimekatwa, wakayapogoa na kuyalinda. Mizizi ya zamani inajua maji yalipo, na mti hurudi upesi bila kumwagiliwa.

Tunawaandikia haya akina mama wenzetu wa Dodoma, Singida, Shinyanga na kwingineko kwenye kiangazi kirefu. Kabla mvua hazijaanza, zungukeni mtaani mwenu mwezi wa Septemba au Oktoba, mkaangalie ni mmea gani ungali unachanua bila mtu kuumwagilia. Mwombeni mwenye nao tawi au chipukizi. Kisha waulizeni wazee wa mahali hapo jina lake na hatari zake. Uzuri wa nyumba si jambo la kupuuza, kwani mume na watoto hufurahi kurudi mahali penye maua. Ila uzuri huo usitoke katika ndoo ya kuogea mtoto.