Haydom, Mji Unaotulelea Wanetu

Akina mama wenzetu, mtoto akipata nafasi ya chuo, mawazo yetu hukimbilia Dodoma, Morogoro au Dar es Salaam, na wenye uwezo hufika hata Pune, kule India. Lakini wilayani Mbulu, mkoani Manyara, upo mji mdogo wenye uchangamfu wa miji hiyo ya wanafunzi. Ndio Haydom. Mabinti wengi wamejifunzia uuguzi huko, na mama anayekwenda kumtazama binti yake yafaa ajue anakokwenda.

Mji huu umezaliwa na hospitali. Mwaka 1955 wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway walifungua hospitali mahali palipokuwa pori lenye watu wachache. Leo ni hospitali ya rufaa, chini ya KKKT Dayosisi ya Mbulu. Chuo cha uuguzi kilianza mwaka 1984. Palipo na wagonjwa pana ndugu wanaowauguza, na palipo na wanafunzi pana vyumba vya kupanga, mama lishe, mafundi cherehani na bodaboda. Hivyo ndivyo mji ulivyokua.

Kutoka Arusha ni takriban kilomita 300. Waweza kupita Karatu na Mbulu mjini, au ukapita Babati na kupanda mlima wa Dareda hadi Dongobesh. Anayetoka Singida hufika Katesh, makao makuu ya wilaya ya Hanang, kisha hushika njia ya Basotu. Wakati wa masika udongo huteleza. Ulizeni kwanza hali ya barabara, na msafiri mchana.

Mkifika Katesh mtauona Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka mlimani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Tusipite pale kama watalii tu. Tuwakumbuke kwa sala waliofiwa.

Haydom kwenyewe, simameni kidogo nje ya lango la hospitali msikilize. Wairaqw, Wadatoga, Wanyiramba na Wahadzabe wote huja kutibiwa hapa, kila mmoja na lugha yake, nazo lugha hizo hazina undugu wa karibu. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Ila tuchunge midomo yetu: Wadatoga msiwaite "Mang'ati". Jina hilo limetoka kwa Wamaasai, na maana yake ni maadui. Salimieni wazee kwa heshima, na msimpige mtu picha bila ruhusa yake.

Kwa chakula hamtahangaika. Kuna makande, ugali na maziwa ya mgando. Wakati wa kurudi, nunueni vitunguu saumu, maana Mbulu inasifika kwa zao hilo.

Jambo moja la mji huu linatugusa sisi wazazi moja kwa moja. Hospitali hii iliongoza mradi wa Safer Births, unaowafundisha wakunga kwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara namna ya kumsaidia mtoto asiyepumua na mama anayetokwa na damu. Ulitekelezwa katika vituo 30 vya mikoa 5 nchini. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025 yalionyesha kuwa vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 40, na vifo vya akina mama kwa asilimia 75. Kumbe mikono ya mabinti zetu yaweza kufanya mengi, ikifundishwa vema!

Lakini mikono hiyo ina mwenyewe, naye bado ni mtoto wa mtu. Sisi tulio wauguzi twajua kwamba mwanafunzi atakesha wodini na kumwona mgonjwa akikata roho, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kesho yake ana mtihani. Usiku ule humtamani mama yake. Kwa hiyo ukimtembelea, usianze na kuuliza alama zake. Kaone chumba anacholala, umjue mwenye nyumba wake, uzungumze na wazee wa usharika anakosali. Kisha mkae wawili, umwache aseme. Akilia, usimkatize. Na wewe mama unayeishi karibu na chuo chochote, mwalike mwanafunzi mmoja nyumbani kwako Jumapili. Mama yake yuko mbali.

Tukumbuke habari za Hana. Alimtoa Samweli amtumikie Bwana, lakini hakumsahau: kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Haydom ni nyanda za juu, na mwezi wa Juni na Julai upepo wake ni baridi kweli. Mama, usiende mikono mitupu. Mfumie binti yako sweta.