Mto uliogeuka neno

Mwaka wa tano wa sekondari nilipata 17 kwa 20 katika mtihani wa kompyuta. Wakati huo sikuwa nimewahi kugusa kompyuta. Mwalimu wetu, mtu mwenye bidii, alichora kibodi ubaoni kwa chaki, herufi moja moja, nasi tukainakili daftarini. Shule ilikuwa na mashine mbili ofisini kwa mkuu, zimefunikwa kitambaa. Simlaumu mwalimu. Nasema tu kwamba zile 17 zilinidanganya kwa miaka mingi.

Uongo wenyewe ulijulikana nilipoandika tasnifu. Nilikuwa nimekusanya maneno ya uvuvi wa Wagenia wa Kisangani: majina ya migono, ya miti inayosimikwa katikati ya maporomoko, ya kamba, ya mikondo ya maji. Niliandika yote kwa kalamu, nikapeleka daftari kwenye kibanda cha kuchapia, ambako hulipwa kwa ukurasa. Kijana wa kibanda alichapa kwa vidole kumi bila kutazama chini. Nikalipa, nikampelekea msimamizi wangu nakala bila kuisoma upya. Hapo kosa ni langu.

Siku ya tatu aliniita. "Mwanangu, wavuvi wako wanashuka kwenye mot?" Mashine ilikuwa imewekwa katika Kifaransa, na kila ilipokutana na "mto" iliona kosa, ikaandika "mot". Kwa hiyo katika kurasa 60 za tasnifu ya Kiswahili, mto Kongo ulikuwa umegeuka neno. Ningecheka kama yangempata mwingine.

Nilirudi kibandani na hasira. Kijana alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Yaya, mimi nachapa, mashine inabadili, sisomi kila mstari. Njoo saa kumi na mbili jioni, wateja wakipungua, nikuonyeshe." Tukapatana: yeye anifundishe mashine, mimi nimsahihishie barua za Kiswahili anazowachapia watu.

Jioni ya kwanza nilitumia karibu saa nzima kwa ukurasa mmoja. Juma la pili nilijua kuzima masahihisho ya Kifaransa, kuweka tanbihi zinazojihesabu zenyewe, na kutengeneza yaliyomo bila kuhesabu kurasa kwa kidole. Lililonishangaza zaidi ni jedwali. Maneno yangu 140 nilikuwa nimeyapanga kwa vipande vya karatasi juu ya kitanda, siku nyingi, hadi upepo ulipoingia dirishani. Jedwali liliyapanga kufumba na kufumbua. Likayapanga vibaya: umoja huku, wingi kule, "kamba" karibu na "kasia" bila kujali ngeli, "mgono" mbali na "migono". Ilinibidi niongeze safu ya ngeli na safu ya shina, ndipo mpangilio ukaleta maana. Kijana akauliza ngeli ni nini. Jioni ile mimi ndiye niliyefundisha.

Tangu hapo, kila hotuba ninayosikia kuhusu pengo la ujuzi wa teknolojia duniani inataja wahandisi tu. (Kobalti ya kwetu nayo hutajwa, kwa sababu ya betri, halafu watu hupiga makofi.) Sisi wa lugha tunajiondoa wenyewe, kana kwamba hayatuhusu. Lakini mwaka 2004, ilipotolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyotayarishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kila kitufe na kila onyo lilihitaji neno. Nani angelitafuta, kama si watu wa aina yetu? Na angelitafutaje mtu ambaye hajawahi kubonyeza kitufe chenyewe?

Ningependa saa za somo la kompyuta kitivoni ziwe za vidole, hata mashine zikiwa tano kwa watu hamsini na umeme ukikatika. Tutapokezana. Daftari la sehemu za kompyuta tunalo tayari tangu sekondari.

Tasnifu niliitetea mwezi uliopita. Mito yote niliirudisha mmoja mmoja, kwa mkono, kwa kuwa sikujua bado kwamba mashine ingeweza kuirudisha yote kwa mara moja. Kijana alicheka sana aliponiona. Katika nakala iliyoko maktabani, ukurasa wa 31, kuna "mot" moja iliyonipita. Atakayeikuta ajue kwamba huo ni mto.