Digrii Mbili

Mwaka jana niliandika makala kuhusu jinsi ya kupimwa weji za gofu. Maneno 1,500, mteja yuko Marekani, malipo baada ya siku saba. Kama hujawahi kufanya hizi kazi za kuandikia watu mtandaoni, wacha nikuambie zinavyoenda: Jumatatu wewe ni fundi wa mabomba wa Toronto, Jumatano ni mama ambaye mtoto wake hali karanga, Ijumaa ni mcheza gofu wa Arizona. Jina lako halionekani popote. Mimi nilikuwa nimeketi kitandani Manyatta, stima imepotea mara mbili, namshauri mtu wa Arizona amtembelee mtaalamu aliye karibu naye.

Mtaalamu aliye karibu nami alikuwa sebuleni akisikiliza habari za Dholuo kwenye redio. Baba yangu alikuwa kedi hapa Kisumu kwa miaka ishirini na sita. Alibeba mifuko ya madaktari, mawakili, wenye maduka ya jumla na mameneja wa viwanda vya sukari, mpaka mgongo ukakataa. Sikumuuliza hata swali moja. Nilifungua tovuti sita, nikasoma, nikaandika.

Usiku huo aliniuliza ninaandika nini hadi saa saba. Nikamsomea, natafsiri nikienda. Nilianza na urefu wa mchezaji, nikaja kwa umbali kutoka kifundo cha mkono hadi chini, kisha kasi ya mkono. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umeanza na mtu, Mama. Ungeanza na ardhi."

Ananiita Mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Akiniita hivyo na bado ananikosoa, najua anamaanisha.

Kwa wale ambao gofu kwao ni ile nyasi ya kijani wanayoiona kupitia ua wakiwa kwenye matatu: mchezaji anaruhusiwa kubeba fimbo zisizozidi 14. Weji ni zile fupi za chuma ambazo uso wake umelala chali. Hazipeleki mpira mbali. Zinaupandisha juu na kuutua karibu na shimo, na ndizo zinazokutoa kwenye mchanga. Ukienda kupimwa, kuna mambo matatu makubwa. La kwanza ni lofti, yaani uso umelala kiasi gani: digrii 46 hivi kwa weji ya kwanza, kisha 52, 56, mpaka 60. La pili ni ulalo, yaani pembe kati ya mpini na ardhi ukiwa umesimama tayari kupiga. La tatu ni baunsi, ule mviringo wa tumbo la fimbo unaoizuia isizame kwenye udongo. Baunsi kubwa inateleza juu ya ardhi laini. Baunsi ndogo inapita chini ya mpira ardhi ikiwa ngumu.

Hayo yote nilikuwa nimeyaandika. Kitu sikuwa nimeandika ni kwamba ardhi ya mtu inaweza kubadilika mara mbili kwa mwaka. Kisumu na uwanda wote wa Kano una udongo mweusi, ule mafundi wa ujenzi wanauita blakikotoni. Mwezi wa pili unapasuka mpaka unaweza kupoteza ufunguo ndani ya ufa. Mwezi wa nne mvua ikishika, udongo huo huo unakuvua kiatu. Weji iliyopimwa Februari itakutusi Aprili.

Nikaongeza aya kuhusu hilo. Nikaongeza na ile hadithi ambayo vitabu vya gofu havichoki kuirudia, kwamba klabu ya Nyanza enzi za mkoloni ilikuwa na sheria yake: mpira ukisimama karibu na kiboko au mamba, unaruhusiwa kudondosha mwingine mahali salama, bila adhabu. Mteja alizifuta aya zote mbili. Akaandika kwamba haziwahusu wasomaji wake. Alikuwa sahihi, na nikalipwa.

Lakini maneno ya Baba yalibaki. Wiki mbili baadaye nilitoa chini ya kitanda chake weji yake ya digrii 56, imefungwa kwa shuka kuukuu, nikamwambia nataka nipimwe. Mimi, si mtu wa Arizona.

Aliniangalia kutoka miguuni hadi kichwani. Mimi nina futi 5 na inchi 10. Nilirithi jina la nyanya, urefu niliupata kwa kina mama. Baba ananifika begani.

"Hiyo ni fupi kwako," alisema. "Lakini twende."

Tulipanda tuktuk mpaka karibu na Kibuye, kwa fundi mmoja ambaye naye alikuwa kedi zamani. Siku hizi anachomelea mageti na madirisha, lakini kwenye kona ya karakana yake kuna mpira wa mikono ya fimbo, gundi, na jiliwa iliyofungwa kwenye gogo. Watu wa gofu humtafuta kimyakimya kwa sababu bei yake ni ya binadamu. Ni mzee, nikamsalimia, nikamwita Jaduong' kama inavyostahili. Hakunijibu mara moja. Alikuwa ameshika weji na kuigeuza kama mtu aliyekutana na mtoto wa jirani aliyekua.

"Hii niliilaza mimi mwenyewe," alimwambia Baba. "Na mpini niliukata inchi moja. Ilikuwa na ndugu wawili. Ile 52 na ile 60. Ziko wapi?"

Baba alikuwa anatazama barabarani.

"Zilienda shule," akasema.

Jaduong' akaitikia kwa kichwa, basi. Hapa kwetu ng'ombe huenda shule, shamba huenda shule, nyavu na mashua huenda shule. Kila mtu anajua sentensi hiyo. Mimi tu ndiye sikujua kwamba kulikuwa na weji mbili kwenye karo yangu.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Nimeshaeleza sababu zangu kwa watu wengi na kila mara zinatoka tofauti, kwa hivyo sitazirudia. Ila kuna moja sikuwahi kuieleza nyumbani: muhula nilioacha ulikuwa umelipwa wote. Niliondoka kabla ya mitihani, nikakaa wiki tatu kwa rafiki, ndipo nikapiga simu. Baba aliniuliza kama nimekula. Sikujua kwamba kabla ya hapo alikuwa amembebea memba mmoja zile weji mbili mpaka kwenye buti la gari, akarudi na pesa. Tena weji hizo alikuwa amepewa na memba mwingine aliyekuwa anahama nchi, na alikuwa amezifanyia kazi mpaka zikawa zake: akazikata, akazilaza, akabadilisha mpira wa mkono. Zilikuwa fimbo za mtu mfupi anayepiga chini sana. Sijui huyo aliyezinunua alizifanyia nini.

Nilitaka kusema kitu pale karakanani. Jaduong' akaniokoa kwa kunipa kazi.

"Simama hapa, nyathina. Mikono ining'inie."

Alinipima kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni. Weji nyingi za digrii 56 hutoka kiwandani na urefu wa inchi 35 na kitu. Ya Baba ilikuwa imebaki 34. Kisha akabandika utepe wa karatasi chini ya tumbo la fimbo, akaweka ubao wa mbao chini, akaniambia nipige mipira kumi kuelekea gunia lililotundikwa ukutani. Wateja wa mageti walisimama kutazama. Msichana mrefu anapiga gunia karibu na Kibuye, si unajua watu wetu. Mmoja akauliza kama ni kwa ajili ya wezi.

Utepe ulisema ukweli. Ulikuwa umechanika upande wa kidole cha fimbo, na kisiginoni ulikuwa mzima. Maana yake fimbo ilikuwa imelala mno kwangu: kidole kinagusa chini kwanza, uso unafunguka, mpira unakimbilia kulia. Baba alikuwa amesema hivyo hivyo nyumbani kwa kunitazama tu. Kedi hutazama miguu na mabega ya watu kwa saa nne kila siku, wiki nenda wiki rudi. Mwishowe anajua mpira utaenda wapi kabla ya mwenyewe kuupiga, na kazi yake ni kunyamaza au kusema kwa adabu.

"Mpini nitauongeza," alisema Jaduong'. "Na shingo nitaisimamisha. Inataka digrii mbili."

Baba akacheka. Si kwa nguvu, lakini mpaka akashika mgongo.

"Mbili!" alisema. "Na sisi hata moja ilitushinda."

Ilichukua sekunde kama tatu kabla sijacheka. Ilikuwa mara ya kwanza yeyote nyumbani kwetu kufanya mzaha na jambo hilo. Jaduong' alitutazama, akaelewa, akacheka pia huku anafunga jiliwa. Aki, sijawahi kupewa msamaha mwepesi hivyo, na sijui kama ndiyo alikuwa anatoa au alikuwa anataniana tu. Sijamuuliza.

Kulikuwa na hatari, na Jaduong' aliisema wazi. Chuma laini kilichofuliwa kinakubali kupindwa. Chuma kilichomiminwa kwenye kalibu mara nyingi hukatika. Hii ilikuwa imefuliwa, lakini ilishapindwa mara moja upande wa pili. "Kikikatika shingoni, msinililie." Nikasema tuiache. Ilikuwa moja iliyobaki. Isitoshe, ikisimamishwa kwa ajili yangu haitamfaa Baba tena.

"Mimi sipigi tena," alisema Baba. "Ipinde."

Jaduong' alivisha shingo ya fimbo chuma kirefu chenye mdomo, akavuta polepole, akasimama, akapima, akavuta tena. Sote tulisikiliza kama kutakuwa na mlio. Hakukuwa na mlio.

Kisha akataka kunyoa tumbo. Baunsi ilikuwa 14, nyingi, na kile kilikuwa kiangazi, ardhi kama sahani. Hapo Baba akakataa katakata.

"Mwezi wa pili unainyoa, mwezi wa nne utaitafuta," alisema. "Chuma kikitoka hakirudi. Ardhi ikiwa ngumu, asogeze mpira nyuma kidogo, mikono itangulie, baunsi itapungua yenyewe. Matope ndiyo hayana ujanja."

Hilo halikuwa kwenye tovuti zangu sita. Au labda lilikuwepo na sikuliona, kwa kuwa sikuwa nimesimama popote.

Nimesoma tangu hapo kuhusu Gene Sarazen. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eugenio Saraceni, mtoto wa seremala Mwitaliano huko New York, alikuwa kedi tangu utotoni, na shule aliiacha mapema. Bunka zilikuwa zikimsumbua. Akachukua fimbo yake, akaongeza risasi chini ya tumbo mpaka ikaacha kuzama mchangani, na mwaka wa 1932 akaibeba mpaka Uingereza, kwenye uwanja wa Prince's, akashinda Mashindano ya Wazi. Inasemekana alikuwa akiificha kwenye mfuko ili waamuzi wasiipige marufuku kabla mashindano hayajaanza. Weji ya mchanga unayoiona leo dukani ilitokana na hiyo. Nilipomsimulia Baba, hakushangaa. Aliuliza tu, "Mchanga wa huko ni laini au wa changarawe?"

Jumamosi hiyo tulienda uwanja wa shule ya msingi kule Nyalenda, kabla watoto hawajauvamia kwa kandanda. Nyasi zilikuwa chache, nyufa nyingi. Mpira wa kwanza niliupiga kichwani, ukaruka chini chini kama panya. Baba hakusema kitu. Nikausogeza nyuma, nikatanguliza mikono. Wa tatu ulipanda. Haukwenda kulia. Ulipanda juu ya goli lisilo na wavu, ukaangukia upande wa pili, ukasimama.

Nikamwambia kwamba nimeanza kuweka pesa kando, kila makala kidogo, nataka kununua 52. Nilidhani atafurahi, au nilitaka afurahi.

"Utajuaje kama ni 52?" aliuliza. "Labda ni 50. Kwanza tujue hii inafika wapi. Piga kumi."

Nikapiga kumi. Sita zilikuwa za kueleweka. Kisha nikaanza kutembea kwenda kuhesabu hatua, akaninyooshea mkono nibaki. Hiyo ni kazi yake, alisema, miguu yangu ni mirefu mno, nitaharibu hesabu. Akaanza kwenda mwenyewe juu ya nyufa, bega la kulia limeinama kidogo kama bado kuna mfuko, akihesabu kwa sauti ili nisikie: achiel, ariyo, adek, ang'wen.