ZZ ya Sebuleni

Tanga, Jumapili 12 Januari 2025

Kaskazi inavuma tangu alfajiri. Maua ya uani yamenyong'onyea yote, lakini ZZ, mmea wangu wa sebuleni, inang'aa kana kwamba imepakwa mafuta. Nimechomeka kidole kwenye udongo mpaka kikazama: mkavu wa juu, mkavu wa chini. Hapo ndipo pa kumwagia, si kabla. Nimemwaga mpaka maji yakatokea kwenye matundu ya chini, nikayamwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Basi, mpaka mwezi ujao.

Anayeitazama huona mashina marefu yenye majani mengi. Kila "shina" lile ni jani moja zima lenye vijani pembeni. Shina lenyewe ni tunguu lililolala udongoni, mfano wa kiazi. Humo, na kwenye vikonyo vinene, ndimo maji yanamowekwa akiba.

Alhamisi 6 Februari

Shangazi yupo, katoka Pangani na mjukuu wake. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, macho yakaenda kwenye chungu. "Mwanangu, mbona hunyweshi?" Nikamweleza kwamba maji mengi ndiyo yanayoiua: tunguu linaoza, vijani vinageuka njano, kikonyo kinalegea pale kinapoingia udongoni. Hakuridhika sana. Lakini alipokwanyua vijani na kuona utomvu, yeye ndiye aliyenifunza: "Huu unawasha, kama gimbi bichi. Mtoto asiuguse."

Kasema kweli. ZZ na gimbi ni ukoo mmoja, na mimea yote miwili ina chembe kali za oksaleti ya kalisi zinazochoma mdomo na ngozi. Nimeipandisha juu ya kabati, mbali na mikono ya mjukuu wake. Pale haipati jua la moja kwa moja, mwanga wa dirisha unaifikia, inatosha.

Jumamosi 22 Machi

Kwenye kitalu cha barabarani muuzaji kaniambia ZZ ni "mche wa Ulaya", na bei akaipandisha kwa sababu hiyo. Imeniuma. Mmea huu ni mzaliwa wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Kenya, kupitia kwetu, hadi Afrika Kusini. Loddiges, mwenye kitalu London, aliuelezea kwa maandishi mwaka 1829. Jina la kitaalamu linalotumika leo, Zamioculcas zamiifolia, lilitolewa na Mjerumani Adolf Engler mwaka 1905, wakati Wajerumani wamekwisha kufungua kituo chao cha utafiti Amani, hapo juu Usambara. Miaka ya 1990 Waholanzi wakaanza kuuzalisha kwa wingi, ukaenea maofisini dunia nzima. Sasa unaturudia kama mgeni.

Na tabia zake zote ni za huku. Msitu wa pwani unakaa miezi bila mvua, na mmea huu umejifunza kungoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba ukame ukizidi, ZZ huvuta hewa ya ukaa usiku, wakati maji hayapotei kwa joto. Ukibanwa zaidi hudondosha vijani na kubaki na vikonyo vilivyonona.

Jumanne 8 Aprili

Masika imeshika. Ndani hewa ni nzito, udongo haukauki upesi, kwa hiyo sijamwagia hata tone. Nimefuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, kijani kwa kijani, kazi ninayoipenda.

Vijani alivyokwanyua shangazi nilivichomeka kwenye mchanga wa mto mwezi ule ule wa pili. Nimekifukua kimoja: kitako kimevimba, kinafanya kitunguu kidogo. Chipukizi litachukua miezi mingi bado. Kimoja nitampelekea Pangani.

Jumapili 18 Mei

Chungu cha plastiki kimetuna ubavuni, matunguu yanasukuma. Wiki ijayo nitatafuta cha udongo, kipana kuliko kirefu, chenye matundu makubwa. Mchanganyiko: udongo wa bustani, mchanga mwingi, makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Nikishahamisha, simwagii mpaka mizizi iliyochubuka ipone.

Shangazi kapiga simu kuulizia kijani chake.