Safari ya Kisoro na Pampu Iliyovuja

Barabara itokayo Kampala kwenda Kisoro ina urefu wa karibu kilometa 500. Humchukua msafiri kutoka vinamasi vya kando ya Ziwa Victoria, ikampitisha katika malisho ya Ankole, kisha ikampandisha milima ya Kigezi hadi chini ya volkano zilizo mpakani. Askari wengi wa jeshi na polisi wanaifahamu vyema, kwa maana uhamisho hauchagui mlima wala bonde. Mwezi Agosti mwaka 2018 nami niliisafiri, nikiwasindikiza dada yangu, mumewe aliye koplo wa polisi, na binti yao wa miaka 11. Koplo alikuwa amehamishiwa Kisoro, naye alitakiwa kuripoti siku ya Jumatatu saa mbili asubuhi.

Tulikodi pikapu kuukuu ya petroli, iliyoundwa miaka ya 1980, yenye viti vya nyuma. Mwenyewe ndiye aliyeiendesha, mzee aliyestaafu jeshini baada ya kuendesha malori kwa miaka 22. Jumamosi alfajiri tulipakia vitanda, magodoro, masufuria na cherehani ya dada, tukafunga turubai kwa kamba na kuondoka kabla jogoo wa pili hajawika.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Kayabwe, kiasi cha kilometa 75 kutoka Kampala, mahali ambapo barabara inakata mstari wa ikweta. Binti alishuka mbio kuwatazama vijana wanaowaonyesha wageni jinsi maji yanavyozunguka ndani ya karai. Alipokuwa akiyatazama maji ya karai, mimi niliyaona maji mengine. Chini ya injini palikuwa na dimbwi dogo, na tone moja baada ya jingine lilikuwa likianguka.

Mzee aliinama, akatazama, akainuka bila wasiwasi. "Gari ni kama ng'ombe," alisema. "Likiona kiu, linyweshe." Akajaza rejeta kwa maji ya jerikeni, tukaendelea.

Tulipovuka kinamasi cha mto Katonga na kufika Lukaya, wachoma nyama walitukimbilia na mishikaki yao, lakini mzee aliikimbilia rejeta. Jerikeni ilikuwa tupu, hivyo akachota maji ya mtaroni, yenye rangi ya chai, akayamimina. Masaka tulijaza tena. Kabla ya Lyantonde mshale wa geji ya joto ukapanda, mvuke ukatoka chini ya boneti, na pikapu ikasimama kando ya malisho yaliyojaa ng'ombe wenye pembe ndefu. Mzee alituzuia tusiguse kifuniko cha rejeta, kwa kuwa maji yaliyo chini ya shinikizo yakifunguliwa yangali moto huruka na kumwunguza mtu uso na mikono. Tukangoja karibu saa nzima.

Hapo kivulini maneno yakaanza. Koplo alitaka tununue jerikeni nne na kusonga mbele. "Shemeji, Jumatatu sharti niripoti," aliniambia. "Siwezi kuanza kazi mahali papya kwa kutoa visingizio."

Dada yangu alikuwa amekwisha kujiinamia chini ya gari, kitambaa mkononi. Alikuwa amepangusa kila mpira wa maji, mmoja baada ya mwingine, na yote ilikuwa mikavu. "Maji hayatoki katika mipira wala katika rejeta," alisema. "Yanatoka nyuma ya feni, mahali pamoja. Baba watoto, hiki si kiu. Ni kidonda."

Mzee alikaa kimya kwa muda, kisha akasema jambo ambalo sijalisahau. "Afande, jeshini tuliendesha hivyo kwa sababu nyuma ya msafara kulikuwa na gari la mafundi. Leo nyuma yetu hakuna mtu."

Basi tulijikokota hadi Mbarara, tukisimama kila baada ya kilometa chache, tukawasili saa nane mchana. Fundi tuliyempata hakuwa mtu wa maneno mengi. Alizima injini, akaingoja ipoe, akaishika feni kwa mikono miwili na kuitikisa mbele na nyuma. Ilicheza. Kisha akatuonyesha kitundu kidogo chini ya shingo ya pampu ya maji, kilichozungukwa na alama za kutu na chumvi.

Alitueleza kwamba kitundu kile si kasoro. Aliyeiunda pampu alikitoboa makusudi. Ndani ya pampu mna mhimili mmoja: upande mmoja una mapezi yanayosukuma maji kuzunguka injini, na upande wa pili, juu ya beringi, umefungwa puli na feni. Katikati pana sili inayoyazuia maji yasiifikie beringi. Sili ikichakaa, maji hutokea kwenye kitundu kile ili mwenye gari aone na kuchukua hatua. Akipuuza, maji huosha grisi ya beringi, mhimili huanza kuyumba, na siku moja feni huweza kuikata rejeta. Wakati huo injini nayo huwa imekwisha kuchemka, na kichwa chake cha alumini kikipinda, gharama hupita mara nyingi thamani ya pampu.

Koplo aliuliza iwapo tungeweza kufika Kisoro kwa kuongeza maji tu. Fundi alitikisa kichwa. Maji huchemka kwa nyuzi 100 pwani, lakini kila upandapo meta 300 hivi, kiwango hicho hupungua kwa nyuzi 1. Kabale, penye mwinuko wa karibu meta 2,000, maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 93 hivi. Kifuniko cha rejeta hushikilia shinikizo ili maji yasichemke mapema, lakini mfumo unaovuja hauwezi kulihifadhi shinikizo hilo vizuri. Kwa hiyo, kadiri tungalivyopanda, ndivyo maji yetu yangaliwahi kuchemka, tena katika miinuko ambako injini hufanya kazi nzito kupita zote.

Ikabaki habari ya fedha. Mzee alikuwa na nusu tu ya bei ya pampu. Dada alifungua pindo la kanga, akatoa fedha za karo ya muhula wa tatu. Koplo alitaka kusema neno, akalimeza. "Karo ya nusu tutamwomba mwalimu mkuu atungojee," dada alisema. "Lakini mlimani usiku, na mtoto ndani ya gari, tutamwomba nani?" Mzee aliahidi mbele yetu sote kwamba sehemu ile ingekatwa katika kodi ya gari, na alitimiza.

Dukani tulipewa pampu mbili za kuchagua. Fundi aliziweka kando ya ile kuukuu, akalinganisha urefu wa mhimili, matundu ya bolti na mahali pa kukaza puli. Ile ya bei nafuu ilikuwa fupi kwa unene wa kidole. Tukachukua ya pili, pamoja na gasketi, mkanda mpya wa feni, na kulanti.

Kazi yenyewe ilichukua muda wa saa tatu. Fundi alilegeza kwanza nati za feni mkanda ukiwa bado umekazwa, kwani mkanda huizuia puli isizunguke ovyo. Maji yalimwagwa ndani ya beseni, nayo yalitoka mekundu, yenye tope chini. Mzee aliyatazama, kisha akatazama pembeni. Alijua kuwa maji ya mitaroni, yaliyotiwa miaka mingi, ndiyo yaliyoila sili kama msasa.

Kisha kifuniko cha feni, feni, mkanda na puli vikaondolewa. Bolti za pampu hazikuwa na urefu sawa, kwa hiyo fundi alichora umbo la pampu juu ya kipande cha boksi, akatoboa matundu, na kila bolti ikachomekwa mahali pake. Binti alipewa kazi ya kulishika boksi lile, akalishika kama mtu aliyekabidhiwa bendera. Bolti ndefu ikiingizwa penye tundu fupi huweza kupasua alumini. Na fupi ikitiwa penye tundu refu, hung'oa nyuzi chache inazozishika.

Gasketi ya zamani ilikwanguliwa taratibu bila kuuchubua uso wa alumini, na kitambaa kikazibwa tunduni ili takataka zisiingie ndani ya injini. Kitambaa kikaondolewa, gasketi mpya ikapakwa gundi nyembamba, pampu ikakaa, na bolti zikakazwa kidogo kidogo kwa kupishana, bila kutumia nguvu za kishujaa. Mkanda ulivutwa hadi kidole gumba kikiubonyeza katikati ulilegea kwa sentimeta 1 hivi. Mwisho rejeta ilisukutwa, ikajazwa kulanti na maji safi nusu kwa nusu, na injini ikawashwa kifuniko kikiwa wazi hadi themostati ilipofunguka na mapovu ya hewa yakatoka. Fundi aliongeza tena, akafunga, akapitisha mkono chini ya pampu. Mkono ulitoka mkavu.

Tulilala Mbarara. Jumapili alfajiri tulipita Ntungamo, na jua lilipochomoza milima ya Kigezi ikasimama mbele yetu, imekatwa matuta toka mguuni hadi kileleni, na wakulima wa viazi wakielekea kanisani. Tulipita Kabale, tukaliona Ziwa Bunyonyi likiwa limelala baina ya vilima, kisha tukaingia ukungu wa msitu wa Echuya, wenye mianzi na baridi ya kutetemesha meno, mahali palipo juu ya meta 2,200. Injini ilinguruma kwa gia ya pili, kona baada ya kona. Macho yetu sote yalikuwa juu ya geji. Mshale haukutoka katikati.

Kanaba, kabla ya kuteremka Kisoro, mzee alisimamisha gari. Bonde lilifunguka chini yetu, na mbele yake ukasimama Muhabura, wenye meta 4,127, pamoja na wenzake Mgahinga na Sabinyo. Wenyeji husema kwamba jina la Muhabura lina maana ya kiongozi, yule aonyeshaye njia. Binti alishangilia. Koplo alivua kofia. Mzee hakuutazama mlima kwanza. Aliingia chini ya gari, akapapasa, akatoka akipangusa magoti. "Pakavu," alisema.

Jumatatu saa mbili kasorobo Koplo alikuwa amekwisha kuripoti. Mwalimu mkuu alikubali kupokea karo kwa mafungu mawili.

Wasomaji wapenzi, wengi wetu huhamishwa na jamaa zetu juu ya magari ambayo umri wake unazidi wa watoto tuliowapakia. Kabla ya kufunga turubai, tazama chini ya injini baada ya gari kulala usiku mmoja. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, tikisa feni kwa mkono. Pangusa mipira yote, kisha uangalie unyevu unaanzia wapi. Chukua maji safi, si ya mtaroni. Wahenga walikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tuliupata ufa wetu Kayabwe, tukakubali kuuziba Mbarara. Kilometa 200 za kati tulizipita kwa bahati tu, na bahati si kitu cha kumpakia mtoto.